Dakika za Ihtiyati

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuweka batani mbili, moja ya kupeleka saa mbele na moja ya kuirudisha nyuma. Nilizifunga ubavuni mwa saa ya namba nyekundu niliyoutengenezea msikiti wa mtaani kwetu, Amu, kisha nikasahau kwamba zipo. Msikitini hakuna mtandao wa kuirekebisha saa, na umeme ukikatika kompyuta ndogo iliyo ndani yake hupoteza hesabu. Nikafikiri labda mara moja kwa mwezi mtu atabonyeza kidogo, basi. Sikujiuliza ni mtu gani, wala atabonyeza kwa sababu gani.

Saa yenyewe haikuwa saa tu. Ilikuwa inaonyesha nyakati za swala, na wakati ukiingia inafungua amplifaya, inaiacha wazi dakika kama tano, inaifunga. Kuifunga lilikuwa ombi la kamati, maana kabla ya hapo amplifaya iliwahi kusahauliwa wazi na mtaa mzima ukamsikia mwenyekiti akigombana na fundi wa mabomba. Mimi nikapima urefu wa adhana ya mwadhini wetu, nikaongeza nafasi kidogo sana, nikaishia hapo. Nilijivunia ubahili ule. Machweo nayo niliyapigia hesabu mpaka sekunde, kwa mahali palepale msikiti ulipo, wakati watu wengine wote wanatumia jedwali la karatasi lililobandikwa mlangoni.

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani, kwa sababu vinginevyo yaliyofuata hayataeleweka. Sikusoma kompyuta chuoni. Nilijifunza mwenyewe kwa laptopu iliyotumika na bando za simu, na kila kitu nilichotengeneza kikiharibika huwa nasikia kama kuna mtu anapanda ngazi kuja kuniuliza nani aliniruhusu. Kwa hiyo hurudia. Nikiandika ujumbe wa mistari mitatu nausoma mpaka maneno yanapoteza maana. Nikiosha kikombe nakiosha tena. Mamangu husema nitakuja kuimaliza sabuni ya nti nzima.

Basi mwezi wa Rajabu adhana ya magharibi ikaanza kukatika. Haikuwa kila siku. Siku moja inafika salama, siku nyingine mwadhini yuko mwishoni kabisa, amebakisha maneno machache, na spika zinanyamaza. Ndani ya msikiti anasikika, nje kimya. Mwadhini ni mtu mzima sana. Ameadhini hapo tangu kabla sijazaliwa, na hapokei msaada wa mtu kupanda hata ngazi mbili.

Mimi magharibi sikuwapo. Kazi yangu ya mchana iko Ras Kitau, natazama mitambo ya mtandao katika nyumba moja ya wageni, na boti ya wafanyakazi hutuvusha jua likishatua. Nilichokuwa nacho ni maneno ya watu na laptopu yangu.

Ijumaa moja baada ya swala mwenyekiti wa kamati akaniita pembeni. Mwadhini alikuwa amekaa karibu, anajifanya anatafuta viatu vyake.

"Kijana, mashine yako ni nzima?"

"Naichunguza, Bwana mwenyekiti."

"Ichunguze upesi. Ramadhani hii hapa. Watu wafungue kwa adhana nusu?"

"Mashine haina lolote," mtu mmoja wa kamati akasema. "Mzee amechoka. Anavuta maneno."

Mwadhini akainua kichwa. "Nani anavuta?"

"Si neno baya, maalim. Umri."

"Umri wangu wauona leo? Nilikuwa naadhini hapa babako akivaa kaptura."

Watu wakacheka, lakini jambo lilikuwa limeshasemwa. Kulikuwa na kijana mwenye sauti nzuri, amerudi masomoni, na kamati ilikuwa imeshazungumza naye. Kama adhana itaendelea kukatika mpaka Ramadhani, maikrofoni itahamia kwake. Mwadhini alilijua hilo. Mimi pia nililijua, na nilijua kwamba jibu langu ndilo linalongojewa.

Nikaenda kulitafuta jibu kwa njia ninayoiamini. Ndani ya kila kompyuta kuna kiini kinachoitwa kerneli, kinachogawa kazi na kuamua programu gani ipate zamu. Ipo zana huria, imeandikwa na watu waliotawanyika duniani, ambayo hukaa kando ya kerneli na kuandika kila kinachotendeka: kengele hii imewekwa, mlango huu umefunguliwa, huu umefungwa. Kila tukio linapigwa muhuri wa wakati. Nikaiweka zana ile kwenye kompyuta ya msikiti, ikaandika juma zima, nikasoma. Kila magharibi, bila kukosa, amplifaya imefunguliwa na dakika kama tano baadaye imefungwa. Siku adhana ilipokatika na siku ilipofika, hesabu ni ileile.

Nikarudi kwa mwenyekiti.

"Mashine inasemaje?"

"Inasema imekaa wazi muda wake wote."

"Basi ni mzee."

Sikusema ndiyo. Nilisema, "Mimi nimeeleza ya mashine tu," nikaona nimejitoa vizuri sana. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilipanda ngazi za nyumbani mwepesi, kwa kuwa lawama haikuwa yangu.

Wepesi huo haukukaa. Katika yale maandishi ya zana kulikuwa na kitu kinachokera. Mistari michache, siku chache, ilikuwa imekaa kichwa chini miguu juu. Tukio la baadaye limeandikwa juu ya lililolitangulia, kana kwamba matokeo yamefika kabla ya sababu. Haikugusa amplifaya, ilikuwa kabla yake kidogo, alasiri ikimalizikia. Mtu mwenye akili timamu angeliacha. Mimi nilishindwa kula.

Nikawaandikia wenye zana. Ujumbe wangu ulikuwa mrefu kama hotuba, na vielelezo, na dhana yangu kwamba kengele za ndani ya kerneli zina kasoro ambayo hakuna aliyewahi kuigundua. Msimamizi wa mradi, mtu nisiyemjua hata sura, anayeandika kama analipia kila neno, akajibu: "Saa ya mashine yako imerudishwa nyuma. Nani anaisogeza?"

Hakuna! Nikamwandikia aya nne za hakuna. Mashine iko msikitini, haina mtandao, haina kibodi, haina skrini. Nilimweleza kwa heshima iliyojaa hasira kwamba huenda hajasoma vizuri. Akajibu kwa neno moja, la kuniomba nimtumie marekebisho basi, kama nimeliona kosa.

Wakati huo kila mtu aliyenizunguka alikuwa na dawa. Nahodha wa boti ya Ras Kitau aliponikuta nimeinamia laptopu akaniuliza nina nini, nikamwambia nyakati hazikubaliani. Akacheka.

"Wazungu hao. Saa yao na yetu haziendi sawa. Toa sita tu."

"Si hilo, kepteni."

"Saa moya yetu, saba yao. Toa sita."

"Kepteni, najua kutoa sita."

"Sasa mbona walia?"

Nilielezwa nitoe sita na nahodha, na mpishi, na binamu yangu, na muuza kahawa wa gatini ambaye sikumuuliza. Nilifika mahali pa kujibu "ahsante" kabla mtu hajamaliza sentensi.

Nikaifungua zana yenyewe, nikasoma jinsi inavyopiga ile mihuri, na hapo nikaanza kukereka na kitu nilichokuwa na haki ya kukereka nacho. Ndani ya kompyuta kuna saa mbili. Ya kwanza ni ile tunayoiona, inayojua leo ni siku gani, na mtu yeyote anaweza kuisogeza. Ya pili haijui siku wala mwezi. Inahesabu tu tangu mashine ilipowashwa, na hairudi nyuma. Kerneli ilikuwa ikipiga mihuri kwa hiyo ya pili, sawasawa kabisa. Zana ndiyo iliyokuwa ikiharibu. Kila ilipokusanya fungu la matukio ilichungulia saa ya kwanza, ikageuza mihuri yote ya fungu lile iwe saa na dakika za kawaida, ikatupa ile hesabu ya asili, kisha ikapanga mistari kwa kilichobaki. Saa ya kwanza ikiwa imesogezwa kati ya fungu na fungu, kila kitu kinapangwa kwa uwongo na hakuna dalili iliyoachwa.

Marekebisho yalionekana madogo. Hifadhi muhuri wa kerneli kama ulivyo. Panga kwa huo. Saa za kawaida zionyeshwe tu mtu anaposoma, na saa ikisogezwa, hilo lenyewe liandikwe kama tukio. Nikayaandika kwa siku mbili na kuyasafisha kwa majuma. Nikayatuma. Yakarudi. Jina hili halieleweki. Hapa umeongeza nafasi. Kipande hiki kigawe viwili. Nikarekebisha, yakarudi tena: vile vipande viwili, viunganishe. Nilitembea barabara ya pwani mpaka mwisho na kurudi nikimjibu msimamizi kwa sauti, punda wakinipisha. Kilichoniuma ni kwamba kati ya maneno yake yote ya udhia, moja lilikuwa sahihi. Nilikuwa nimesahau kabisa mafaili ya zamani yaliyorekodiwa kwa namna ya kale. Mimi, ninayeosha kikombe mara mbili.

Huku majibizano yakiendelea, Shaabani iliingia. Adhana ilikatika tena. Kamati ilishamwambia yule kijana ajitayarishe.

Nikaliweka toleo langu jipya kwenye kompyuta ya msikiti, ili kuona tu kama mistari itakaa sawa. Baada ya juma nikasoma. Mistari ilikaa sawa. Lakini sasa, siku mbili za juma lile, amplifaya ilikuwa imekaa wazi dakika tatu. Siku nyingine zote dakika tano, siku hizo mbili dakika tatu. Niliangalia mpaka macho yakauma. Zana ileile, mashine ileile, ambayo niliitolea ushahidi mbele ya mwenyekiti kwamba inatimiza muda wake. Na juu ya siku hizo mbili kulikuwa na aina mpya ya mstari, ile niliyoiongeza mwenyewe: saa imerudishwa nyuma. Saa imepelekwa mbele.

Bado sikuelewa. Nikawaza umeme, joto, chumvi iliyoingia kwenye waya na kugusanisha batani. Ndiyo, batani nilizikumbuka, lakini nilizikumbuka kama kitu kinachoweza kuingia chumvi, si kama kitu kinachoweza kubonyezwa.

Mamangu ndiye aliyekuwa analalamika pembeni wakati wote huo. Alikuwa amefunga sunna, amemaliza kufungua, anafuta mikono.

"Leo tena imekatika. Nimeitikia mpaka karibu na mwisho, halafu kimya. Niombe dua sasa au nisubiri? Dua yangu imening'inia."

"Naishughulikia, mama."

"Washughulikia nini na kila nikifunga ni yayo hayo? Siku nisiyofunga yaadhiniwa mpaka mwisho. Hiyo mashine yako yanifanyia choyo."

Nilikuwa tayari kujibu kwa ukali, maana nilikuwa nimechoka na kila mtu kuwa na neno. Kisha nikaitazama laptopu. Siku mbili. Jumatatu na Alhamisi. Nikarudi nyuma kwenye siku zote ambazo watu walilalamika. Jumatatu na Alhamisi, moja baada ya moja, siku za kufunga sunna. Nikashindwa kuelewa waya gani wenye chumvi unaojua Alhamisi.

Alhamisi iliyofuata niliomba ruhusa, nikavuka mapema, nikakaa msikitini chini ya nguzo ya nyuma. Mwadhini aliingia alasiri ikiishia, akatazama kushoto na kulia, akaiendea saa, akabonyeza. Namba nyekundu zikarudi nyuma dakika mbili. Akakaa akavuta tasbihi. Namba zilipofika wakati wa magharibi nikasikia amplifaya ikilia "tak". Akainuka bila haraka, akaiendea saa tena, akabonyeza batani ya pili, zikarudi mahali pake, ndipo akashika maikrofoni. Na ilipokaribia mwisho spika zikanyamaza, kama nilivyojua sasa kwamba zingenyamaza.

Baada ya swala nikamfuata.

"Maalim, ile saa. Mbona unaisogeza?"

"Ndoo ukae," akasema, akinionyesha mahali kando yake. "Ile ni ihtiyati."

"Ihtiyati ya nini?"

"Watu wamefunga. Mtu hafungui kwa sekunde, kijana. Aweka tahadhari kidogo, jua litue kweli. Saa yako haina tahadhari."

"Imepigiwa hesabu, maalim. Ni sahihi."

"Hiyo ndiyo ila yake, kasoro yake."

"Si ungesubiri tu hizo dakika mbili, kisha ukaadhini?"

"Chini ya zile namba zako? Wakati ukiingia na mimi nimekaa, wanaanza kunikoholea. Yule kwa huku, yule kwa kule. Mzee kasinzia. Nikiirudisha saa, hakuna anayekohoa."

"Na kuipeleka mbele tena?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Siwezi kuadhini chini ya saa ya uwongo."

Hapo nilitaka kulia na kucheka, na kwa kweli nilitaka kumpigia kelele pia. Programu yangu ilikuwa inafunga amplifaya kwa kuitazama saa ya kwanza, ile inayosogezwa. Akiipeleka mbele dakika mbili, programu inaamini dakika mbili zimepita, na inamkatia muda. Na zana, kwa kosa hilohilo, ilikuwa inaisoma saa hiyohiyo na kuthibitisha kwamba muda wote umetimia. Waongo wawili waliokubaliana, na mimi nikawapeleka mbele ya kamati kama mashahidi.

"Maalim," nikamwambia, "si wewe unayevuta. Ni mimi niliyekosea."

"Mimi nilijua si mimi. Sasa nenda ukawaambie wao."

Kuwaambia wao hakukuwa rahisi kama inavyosikika. Nililala na kuamka na maneno niliyoyapanga. Ijumaa nikasimama mbele ya mwenyekiti na wenzake, mwadhini akiwapo, safari hii hakutafuta viatu. Nikasema mashine ilikuwa inafunga kabla ya wakati, kwamba kosa ni la programu niliyoiandika, na kwamba nilichosema Rajabu hakikuwa kweli.

"Ulisema umechunguza," mwenyekiti akasema.

"Nilichunguza kwa kifaa chenye kosa."

"Sasa kifaa hakina kosa?"

"Hili hakina. Mengine sijui."

"Na saa, inasogezwa na nani?"

Mwadhini akajibu mwenyewe: "Na mimi. Na nitaisogeza tena, kama kijana hakuweka ihtiyati."

Wakaanza wote kwa pamoja. Mmoja alisema ihtiyati ni wajibu wa kamati, mwingine akasema dakika mbili ni nyingi, wa tatu akauliza batani zile ziliwekwa kwa idhini ya nani. Hakuna aliyemwomba mwadhini msamaha. Nilingoja, sikusikia. Mwishowe mwenyekiti akasema basi, irekebishwe, na Ramadhani mzee aendelee.

Niliiandika upya programu siku ileile. Amplifaya sasa hufungwa kwa saa ya pili, isiyosogezwa, na ina nafasi ya kutosha mtu kukohoa na kuanza tena. Nilizing'oa batani zote mbili. Ihtiyati nikaiweka ndani, siku za kufunga, kwa kiasi alichokitaja mwadhini, baada ya kubishana naye juu ya nusu dakika na kushindwa.

Marekebisho ya zana yalikubaliwa siku chache kabla ya Ramadhani. Msimamizi aliandika, "Yameingia. Saa ilikuwa inasogezwa na nani?" Nilianza jibu refu, na historia ya ihtiyati, na vielelezo. Nikalifuta nikaandika, "Na mwadhini. Ulikuwa sahihi." Nililisoma mara nyingi mno kabla ya kulituma, lakini nililituma.

Sasa zana ile hupanga matukio kwa hesabu ya kerneli peke yake, na saa ikisogezwa husema kwamba imesogezwa. Ramadhani ile magharibi zote aliadhini mwadhini wetu, na mpaka leo ni yeye. Alfajiri amepewa yule kijana, kwa uamuzi wa kamati, na mzee bado hajaukubali. Mimi kila Alhamisi navuka mapema, naisahihisha saa mwenyewe kwa laptopu, maana batani hazipo tena, na naswali magharibi palepale.